Ramani Moja, Miji Miwili, Mvua Ile Ile

Barua za nyufa za ukuta na rangi inayobanduka nimeziweka kando mwezi huu, wenyewe mnisamehe. Za maji ya mvua zimezidi, na karibu zote zinalalamika jambo moja: mtu yuko mpakani mwa miji miwili, na kila mji una sheria yake. Kabla sijastaafu nilikagua ramani za mitaro miaka mingi, mwanzo upande mmoja wa mpaka wa namna hiyo, baadaye upande wa pili. Lawama za pande zote mbili nimezipata.

Mzee wa Mitaro, shikamoo. Mimi ni mjenzi mdogo. Mwaka jana nilijenga karakana kwenye kiwanja cha mita za mraba 1,000. Paa na zege vikachukua 600. Mji ulinitaka niweke tanki la kushikilia maji, lenye tundu dogo chini, na ramani ikapita. Mwaka huu mteja mwingine kaipenda karakana ile. Kanunua kiwanja cha ukubwa huo huo ng'ambo ya mto, ambako ni mji mwingine. Nimepeleka ramani ile ile na tanki lile lile, wamekataa. Mkaguzi kaandika kwa kalamu nyekundu: "Tanki hili halizuii kitu." Mawingu hayajui mpaka, mzee. Wananionea? — Mjenzi mwenye ramani moja

Marahaba, mwanangu. Hawakuonei. Mkaguzi huyo ana ulimi mkali, ila kasema kweli, na yule wa kwanza aliyekupitishia naye hakukosea. Mji wa kwanza umekuuliza maji yatatoka kiwanjani kwa kasi gani. Wa pili umekuuliza yatatoka kiasi gani. Wewe umelijibu swali la kwanza mara mbili.

Shika kalamu tupige hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ukilijua hilo utawaelewa wakaguzi nusu ya maneno yao. Tuseme imeanguka mvua ya kumimina, milimita 60 kwa saa. Juu ya mita zako 1,000 hizo ni lita 60,000 kwa saa, karibu lita 16.7 kila sekunde. Kiwanja kikiwa bado nyasi, tukadirie kwamba sehemu 20 tu katika 100 hutiririka na zilizobaki hunywewa na udongo: lita 3.3 kwa sekunde. Ukishajenga, bati na zege hutema sehemu 90 katika 100. Changanya na nyasi ulizobakiza, kiwanja kizima kinatema 62. Hizo ni lita 10.3 kwa sekunde, mara tatu ya zamani. Hesabu hii si yangu. Nchini Marekani aliyeieneza ni mhandisi Emil Kuichling mwaka 1889, kutokana na kazi yake ya mitaro ya Rochester, New York, na hadi leo viwanja vidogo hupimwa kwayo.

Mji wa kwanza unasema: usitoe zaidi ya zile lita 3.3. Mvua hiyo ikipiga nusu saa, tanki lako lina kazi ya kushika tofauti, kama lita 12,600, na kuziachia polepole kupitia lile tundu. Kesho asubuhi tanki ni kavu na maji yote yamefika mtoni, hakuna hata ndoo moja iliyobaki nyuma. Yamecheleweshwa tu. Sasa yasome tena maneno ya kalamu nyekundu.

Mji wa pili unasema, tuchukue mfano: milimita 25 za kwanza zinazoanguka juu ya paa na zege zisitoke kabisa. Mita 600 mara 25 ni lita 15,000. Zinywewe na ardhi, au zivutwe chooni, au zimwagilie miti, na nafasi iwe wazi tena baada ya siku mbili tatu kungojea mvua nyingine. Ukilinganisha 12,600 na 15,000 utaona matanki haya ni ndugu. Ukiyaona yamelala kwa fundi huwezi kuyatofautisha. Tofauti ni tundu. La mji wa kwanza liko chini kabisa, tanki linajikojolea mpaka linakauka. La mji wa pili liko juu, la kumwaga ziada peke yake. Tanki la mji wa pili ukilitoboa chini kwa keekee, umeivunja sheria kwa dakika moja.

Na hilo tundu la chini lisikudanganye kwa udogo wake, maana mimi lilinitoa jasho. Nikiwa kijana niliyeamini hesabu kuliko macho, nilichora tanki ambalo maji yakisimama mita 1.2 juu ya tundu yangetoka lita 3.3 kwa sekunde. Hesabu ikaleta tundu la milimita 38. Nikaandika 38, sikuchora wavu. Mvua kubwa ya kwanza nikaitwa usiku. Tanki limefurika, maji yako mlangoni, na pale kwenye tundu panatoka kijito chembamba kama cha birika. Nilivua shati nikaingiza mkono mpaka begani. Nikatoa jani moja pana na kifuniko cha chupa, vimekaa pale kama vimekatiwa kipimo.

Kwa sababu ya majani na vifuniko, sheria nyingi zinakataza tundu dogo mno. Milimita 75 ni kipimo utakachokutana nacho mara kwa mara. Sasa cheka nami: tundu la 75 chini ya kina hicho hicho hutoa karibu lita 13 kwa sekunde, kuliko maji yote ya kiwanja chako yakiwa yamekasirika. Tanki linakuwa pambo. Kwa viwanja vidogo sheria ya kasi hujifunga kamba yenyewe, na hiyo ni sababu mojawapo inayofanya miji mingi iwaachie watu wadogo kabisa.

Mdogo ni nani? Hapo ndipo miji inapoachana sana. Philadelphia kwa kawaida humkamata anayechimbua futi za mraba 15,000, karibu mita za mraba 1,400. Washington, D.C. hukamata kuanzia futi 5,000, kama mita 465. Portland, Oregon, futi 500 za eneo gumu zinatosha, mita 46 hivi. Karakana yako ya kiwanja cha mita 1,000 ingepita Philadelphia bila kuulizwa, ingesimamishwa Washington, na Portland hata banda la kuegeshea malori lingeulizwa habari zake. Kisha kina nacho: Washington tangu 2013 inataka inchi 1.2 za mvua zibaki kiwanjani, kama milimita 30. Philadelphia iliongeza yake mwaka 2015 kutoka inchi 1 hadi 1.5, yaani 38. Piga mwenyewe mara mita zako 600 uone tanki linavyonenepa.

Umeuliza kama wanakuonea, kwa hiyo nikueleze wanakotoka. Mji wenye mabomba ya zamani mara nyingi una bomba moja linalobeba maji ya vyoo na ya mvua pamoja. Mvua ikizidi, bomba linatapika vyote viwili mtoni. Kwa mji kama huo kuchelewesha hakutoshi, unataka maji yasiingie bombani kabisa. London iliamua kuchimba handaki la kilomita 25 chini ya mto Thames, likakamilishwa kuunganishwa mwaka 2025, kwa ajili ya matapishi hayo tu. Jirani yake aliyejengwa juzi ana mabomba mawili mbalimbali; yeye hofu yake ni makalavati kuzidiwa, kwa hiyo anapima kasi.

Jambo jingine ni mahali mji ulipokaa katika bonde. Watu wengi husikia hili wakanitazama kama nimechanganyikiwa: mji ulio karibu na mdomo wa mto unaweza kuumia kwa kushikilia maji. Mafuriko ya juu huchukua saa kadhaa kushuka. Ukiachia maji yako mapema, yanapita mto ukiwa bado mtupu. Ukiyashika na kuyaachia taratibu, unaweza kuyakutanisha na wimbi la wenzako wa juu lililofika saa hiyo hiyo. Kwa hiyo kuna miji ya chini inayokuambia, toa upesi uende zako, na mhandisi wa mji wa juu akisoma hivyo anadhani wenzake wamelala.

Na sababu nyingine ni makaratasi tu. Marekani, kwa mfano, sheria ya taifa ya maji ya 1972 ilirekebishwa 1987 ili iguse mitaro ya mvua, na kanuni zikatoka kwa mafungu: mwaka 1990 kwa miji yenye watu 100,000 na zaidi, kisha 1999 kwa iliyo midogo. Mji mkubwa na jirani yake mdogo wakaanza safari wakiwa wameachana miaka tisa, kila mmoja na mwanasheria wake.

Sasa kazi yako. Usichore upya karakana. Tanki lipandishe kimo, tundu litoke chini liende juu ya usawa wa lita 15,000, na chini yake uweke njia ya maji kunywewa au kutumika. Kama mji wa pili unadai kasi pia (ipo inayodai yote mawili, hasa kwa mvua kubwa), nafasi iliyo juu ya tundu ndiyo itakayofanya kazi hiyo. Kabla ya kulipa mchoraji, fungua kitabu chao cha kanuni kwenye ukurasa wa maana za maneno, ule ambao kila mtu huuruka. Tafuta wanaposema "hali ya kabla ya ujenzi". Mji mmoja humaanisha kiwanja kilivyokuwa jana. Kama kilikuwa na zege kuukuu, unaanza na deni la sifuri, maana hujaongeza kitu. Mwingine humaanisha nyasi nzuri, hata kama nyasi zilitoka pale enzi za babu yako. Nimeona mtu akinunua kiwanja chenye sakafu ya zege akidhani amenunua msamaha, kumbe mji ule uliokuwa umempa jirani yake msamaha si mji wake.

Tena wakikuandikia "mvua ya miaka 10", usidhani ikipita umepumzika miaka tisa. Maana yake ni nafasi moja katika kumi kila mwaka. Ndani ya miaka kumi nafasi ya kuipata angalau mara moja ni 65 katika 100, na inaweza kuja Jumatatu ikarudi Alhamisi.

Mzee mwenzangu, salamu nyingi. Nyumba yangu iko chini ya mteremko na mpaka wa miji miwili umepita nyuma ya ua wangu. Jirani wa juu, wa mji ule, kamwaga zege uwanja mzima, maji yote kayatia kwenye bomba linaloangalia ukuta wangu. Nikimwambia, anasema mji wake umempa kibali, na kwamba maji yanateremka tangu dunia iumbwe. Ofisi ya mji wangu wanasema huyo si mtu wao. Niende wapi? — Mama wa chini ya mteremko

Pole sana, mama. Jirani ana hoja mbili, na ile ya dunia kuumbwa ndiyo ya zamani zaidi. Warumi walikuwa na dai la mahakamani kuhusu maji ya mvua yanayomdhuru jirani tangu Meza Kumi na Mbili, sheria zao za kale zilizoandikwa karibu mwaka 450 kabla ya Kristo. Sheria ya kiraia ya Ufaransa ya 1804, kifungu cha 640, inasema ardhi ya chini lazima ipokee maji yanayotiririka kutoka ya juu kwa asili, bila mkono wa mtu. Jirani yako amekariri nusu ya kwanza. Wewe shika hayo maneno ya mwisho. Maji yaliyotawanyika juu ya nyasi ni kitu kimoja, na maji yaliyokusanywa yakatiwa bombani yakaelekezwa ukutani kwako ni kitu kingine, na huo mkono wa mtu unaonekana.

Si nchi zote zinafuata mkondo huo. Baadhi ya majimbo ya Marekani yalishika kanuni ya kwamba maji ya mvua ni adui wa wote, kila mtu ajikinge anavyoweza, ingawa mengi yamesogea kwenye kuuliza kama alichofanya mtu ni cha haki kwa jirani. Kwa hiyo swali la kumpelekea wakili ni hilo: hapa kwetu tunafuata ipi? Kuhusu kibali, kwa kawaida mji unapompa mtu ruhusa ya kujenga haumpi haki yako wewe. Na hapo mpaka wa miji haukuhusu, kesi ya jirani kwa jirani haiangalii nani analipa kodi wapi.

Ila usiende mikono mitupu. Mvua ikianza, vaa viatu vya mpira, chukua ndoo ya lita 20 uisimamishe chini ya lile bomba, mtu mwingine ahesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde nne, bomba linatoa lita 5 kwa sekunde. Weka pia kopo lenye kuta wima mahali pa wazi, na mvua ikikatika upime kina cha maji kwa rula. Andika tarehe, saa ilipoanza, milimita, sekunde za ndoo. Fanya hivyo kwa mvua tatu. Mkaguzi anayepokea malalamiko kila siku amezoea "maji mengi sana". Mtu anayemwambia lita 5 kwa sekunde kwa mvua ya milimita 20 anaombewa kiti.

Kisha nenda ofisi ya mji wa jirani yako, si wa kwako, uombe kuona ramani waliyoipitisha. Tazama bomba limechorwa likielekea wapi. Nimekuta zaidi ya mara moja ramani inaonyesha bomba linakwenda mtaroni barabarani, na fundi kalitoa upande wa karibu kwa sababu upande wa mtaroni kulikuwa na mwamba wa kuchimba. Ukikuta hivyo, kibali anachojivunia ndicho kitakachomrudisha kazini.

Ukuta usijenge, nakuomba. Utayasukuma maji kwa jirani wa pembeni, naye atakuandikia wewe barua kama hii. Jirani akikubali kukaa nawe, mpendekezee mfereji wa kokoto uliolala sawasawa kukingama mteremko, urefu wa mpaka wote, bomba liishie humo. Maji yanatoka tena yametawanyika, na mara nyingi hapo ugomvi hupoa.

Mzee, ua wangu wa kokoto unahesabiwa eneo gumu au la? Mji mmoja wananiambia ndiyo, mwingine hapana. — Wa kokoto

Wote wana haki. Kokoto zilizomwagwa bustanini hupitisha maji. Kokoto zilizoshindiliwa na vumbi la mawe, kisha zikapitiwa na malori mwaka mzima, chukua sururu ujaribu kuzichimba uone. Mji unaosema hapana unafikiria zile za kwanza, mwingine ameshaona malori. Kama uani kwako hapapiti gari, omba waje waangalie, na wakati huo mwaga ndoo moja ya maji mbele yao.

Shikamoo babu. Ninasimamia ghala lenye bomba moja tu la maji na uwanja mkubwa wa lami. Tulipokuwa mji wa zamani bili ya mitaro ilikuwa ndogo sana. Tumehamia mji wa jirani, uwanja wa ukubwa ule ule, bili imekuwa kubwa kuliko ya maji ya kunywa. Nalipia mvua ya Mungu? — Mtunza ghala

Marahaba, mjukuu wangu. Unalipia lami, mvua umepewa bure. Mji wa zamani ulikuwa unatoza mitaro kwa kufuata mita ya maji ya bomba. Uwanja wenye bomba moja la kunawa mikono ulionekana masikini, huku ukitema maji ya mvua kuliko mtaa mzima wa nyumba, na waliokuwa wanakulipia ni wenye watoto wengi wa kuoga. Mji huu mpya unapima eneo gumu. Ujerumani miji mingi hutenganisha bili hivyo hivyo, maji machafu peke yake na ya mvua peke yake. Hasira zako pia si ngeni: jimbo la Maryland lilipotunga sheria ya ada kama hiyo mwaka 2012, wapinzani waliibatiza "kodi ya mvua", na jina likashika kuliko maelezo yote ya wahandisi. Mwaka 2015 sharti la kutoza likaondolewa.

Unachoweza kufanya ni kuuliza walikupimaje. Mara nyingi wanatumia picha za angani, na picha ya angani haijui kutofautisha turubai lililotandazwa juu ya nyasi na zege. Chukua utepe wa mita, upime paa, upime lami, uchore kwenye karatasi ya mistari. Uliza pia kama wanapunguza kwa mtu anayeweka tanki au mfereji wa kunyonya. Miji mingi inayotoza hivi inalo punguzo, na fomu yake haipo mezani, mpaka uiombe kwa jina. Ukiipata, soma inadai tundu juu au tundu chini, kisha ukamtafute yule mjenzi mwenye ramani moja. Sasa hivi anaijua kazi hiyo.